Mabinti Hamsini

Ukumbi wetu ulikuwa duka la matairi.
Kabla hujauona, unaunusa:
mpira, grisi, na unyevu wa bandari ya Volos
unaopanda ukutani bila kubisha hodi.
Viti thelathini na nane, viwili vibovu.
Taa sita. Mimi ndiye mtu wa taa.

Hadithi inataka mabinti hamsini.
Sisi tulikuwa na watatu:
Evanthia, ambaye mchana husoma mita za maji,
Thekla, mimba ya miezi mitano chini ya kanga ya jukwaani,
na Rodanthi, ambaye goti lake la kushoto
huijua mvua kabla ya wingu.
"Watatu wanatosha," alisema Stamatia, mwongozaji,
"mwanamke mmoja akichoka sawasawa ni umati."

Mnaijua: baba aligawa visu usiku wa harusi
kama mtu agawaye mikate,
kila binti na bwana wake,
kila bwana na shingo yake.
Arobaini na tisa walitii.
Mmoja alisikia mtu akikoroma kitoto
akakirudisha kisu chini ya mto.
Wale wengine, huko kuzimu, walihukumiwa
kujaza pipa kwa mitungi inayovuja,
milele.
Baba je? Kitabuni baba anazeeka vizuri.

Mitungi ya udongo ilitushinda bei.
Tukaleta machujio ya tambi kutoka majumbani.
La Thekla lilikuwa la mama mkwe,
la bati, jekundu, limebanduka rangi ukingoni,
naye alilishika kwa hofu
kuliko alivyokishika kisu.

Usiku wa tatu walikuja watazamaji tisa.
Nje mvua ilishuka kutoka mlimani,
Rodanthi akichechemea kweli, si kwa kuigiza.
Wanateka, wanapanda, wanamwaga matone.
Wanateka, wanapanda.
Nilizima taa mbili za sakafuni
maji yasije yakakutana na waya
nikawapeleka kuzimu kwa mkono wangu.

Ndipo akasimama bibi mmoja wa safu ya pili,
koti limefungwa mpaka kidevuni,
mfuko wa vitunguu maji miguuni.
Jina lake, tulikuja kujua, Zafiro.
"Wanangu, nani kawadanganya kuwa hii ni adhabu?
Mimi niliolewa Makrinitsa.
Miaka kumi na tisa ndoo mbili kila alfajiri,
baba mkwe akipima ujazo kwa kidole.
Mwaka wa saba nilichukua msumari
nikaitoboa moja, tundu dogo, chini kabisa.
Akasema ndoo imezeeka.
Nikasema, ndiyo, baba, imezeeka.
Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.
Hao mabinti walikuwa na visu, au siyo?"

Akaketi. Akaomba radhi kwa kutukatiza.
Hakuna aliyekumbuka mstari unaofuata.
Nilisikia chujio la Thekla likidondoka,
tone, kisha tone,
na mkono wangu kwenye swichi haukujua
iwe usiku au iwe mchana.

Tangu siku ile tumebadilisha mwisho.
Tulinunua ndoo tatu za plastiki, nzima,
za bei ya chini kabisa sokoni.
Wanawake wanateka, wanapanda mara moja tu,
wanasimama.
Kila mmoja anachomoa kisu cha harusi
anageuza ndoo yake taratibu,
kama amgeuzaye mtoto aliyelala,
na kutoboa.
Hapo siwashi taa. Watu wasikilize tu.

Jumatatu Evanthia alirudi kwenye mita zake.
Barabara ya Analipseos, nyumba iliyofungwa,
mwenyewe yuko Ujerumani na mkewe yuko kwa dada yake,
sindano ya mita inazunguka polepole.
Mahali fulani ndani, bomba linavuja.
Alisimama pale, daftari mkononi, akisikiliza,
kalamu imeshagusa karatasi.

Akafunga kifuniko.
Akaenda nyumba ya pili.